Mwandishi Aliyetoka katika Biashara ya Ngozi

Wasikilizaji wetu, wako watu wadhanio kuwa mtoto akiisha kutolewa shuleni kabla ya wakati wake, elimu imekwisha kumpotea. Leo twapenda kuwaeleza habari za V. S. Pritchett, Mwingereza aliyepatwa na jambo hilo.

Alizaliwa Ipswich mwaka 1900. Baba yake alipenda sana biashara, lakini madeni yalimzidi, basi jamaa yake wakawa wakihama nyumba hata nyumba. Pritchett alipoandika habari za utoto wake, mwaka 1968, alikipa kitabu jina la gari la kukodi lililosimama mlangoni, maana ndilo lililowahamisha.

Mwaka 1916 akatolewa shuleni, akatiwa katika biashara ya ngozi mjini London. Humo, kati ya harufu ya ngozi na maneno ya makarani, alisikia jinsi watu wajisifuvyo, na jinsi wafichavyo aibu zao. Mwaka 1921 akaenda Paris, akauza gundi ili apate chakula. Baadaye gazeti moja la Marekani likampeleka Ireland na Hispania. Mwaka 1927 alisafiri kwa miguu katika Hispania, na safari hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha kwanza, mwaka 1928.

Katika hadithi zake fupi hatukuti wafalme wala mashujaa. Twakuta wachuuzi, wenye maduka na makarani. Mtu hunena neno moja bila kukusudia, nasi tukayaona maisha yake yote.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1939, karatasi ilikuwa adimu, na vitabu vipya vikawa vichache. Pritchett akavirudia vitabu vya zamani, akaandika juu yake katika gazeti la New Statesman. Mwaka 1946 makala hizo zilikusanywa kuwa kitabu. Hakuwa kama mwalimu atoaye maksi, bali kama fundi atazamaye kazi ya fundi mwenziwe.

Mwaka 1975 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1997 akafariki, mwenye umri wa miaka 96.

Hatusemi kwamba shule haina faida. Wengi waliotolewa shuleni kama yeye hawakusikika tena. Lakini ajuaye kusoma, ijapokuwa kidogo, ana ufunguo mkononi; na mazungumzo ya barazani na sokoni ni kitabu kingine, kwa mwenye masikio.