Kazi ya mwili, sukari ya damu na ubongo wa uzeeni mkoani Kagera

Uhusiano kati ya kazi ya mwili, umetaboli na ubongo unaozeeka ni uwanja wa tiba unaochunguza jinsi misuli, mishipa ya damu na matumizi ya sukari mwilini yanavyogusa kumbukumbu, fikra na uwezo wa mzee kujitegemea. Makala hii inautazama uwanja huo kutoka mkoa wa Kagera, hasa Bukoba na Muleba: kuanzia kata ya Nshambya ndani ya Manispaa ya Bukoba, ambako maisha ya mjini yamekwisha kuingia, hadi vijiji vya tarafa ya Nshamba wilayani Muleba, ambako bibi wa miaka 70 bado hushika jembe na panga. Takwimu nyingi zinazotumika hapa zimetoka wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na Dar es Salaam, ambako wazee wamepimwa kwa kina zaidi.

Msingi wa kibiolojia

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mwili ukiwa umetulia. Hauna akiba ya maana ya chakula chake. Huishi kwa glukosi na oksijeni zinazoletwa na damu muda wote, na ndiyo maana magonjwa ya mishipa ya damu huugeukia upesi.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pasipo msaada wa insulini, na kwa saa kadhaa baada ya kazi hubaki myepesi kuitikia insulini iliyopo. Mtu asiyejishughulisha, hasa akiwa na mafuta mengi tumboni, hupoteza wepesi huo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, hadi inapolemewa na kisukari cha aina ya 2 kuanza. Sukari iliyozidi huharibu mishipa midogo. Shinikizo la damu hufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Ndani ya ubongo madhara hayo huonekana kama viharusi vidogo visivyo na dalili, kimoja baada ya kingine kwa miaka, mpaka siku familia inapogundua kwamba mzee hajui tena bei ya sukari wala jina la mjukuu aliyemlea. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba wenye kisukari walipata dimensia kwa takriban mara 2 ya wasio nacho.

Upande wa faida, jina la mwanzo ni la Jeremy Morris, daktari wa Uingereza aliyelinganisha watumishi wa mabasi ya London. Mwaka 1953 alionyesha kwamba makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Ubongo ulifuata baadaye. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la wazee 120: nusu walitembea kwa mwendo wa haraka hadi dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu mpya, iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2 kwa waliotembea, na ilipungua kwa zaidi ya asilimia 1 kwa waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Waliopata ongezeko kubwa walikuwa pia na kiwango kilichopanda cha protini ya BDNF, inayosaidia chembe za neva kukua na kuungana.

Kamati ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, ambavyo kwa pamoja vinahusishwa na karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Kutojishughulisha, kisukari, shinikizo la damu, unene na lehemu mbaya vimo, pamoja na elimu ndogo, upweke, pombe iliyopindukia, hewa chafu, na upungufu wa kusikia na kuona.

Ushahidi wa Tanzania

Tanzania ina bahati ya kuwa na vipimo vya zamani. Mwaka 1989 Donald McLarty, aliyekuwa daktari na mwalimu Dar es Salaam, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya vipimo vya sukari katika vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na takriban robo wana shinikizo la damu. Njia za kupima na umri wa waliopimwa zilitofautiana, hivyo namba hizo mbili haziwezi kupangwa kwenye mstari mmoja. Hata hivyo hakuna mganga wa wilaya anayehitaji kushawishiwa kwamba ugonjwa huu umeongezeka.

Ushahidi mzito zaidi unahusu kiharusi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 timu ya daktari Richard Walker ilisajili kila kiharusi kilichotokea katika eneo la vijijini la Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na visa vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316. Ni nchi ile ile, hospitali za mfumo ule ule, na tofauti ya karibu mara 3. Mji huleta mambo mengi kwa mpigo, yakiwemo chumvi, sigara, mafuta ya kukaangia na usafiri wa magari, na si haki kuyatwika yote mwendo wa miguu peke yake. Lakini mtu aliyeacha shamba na kuhamia kibanda cha duka amebadilisha matumizi ya mwili wake wote, na mishipa yake ya damu inalijua hilo kabla yake.

Kuhusu dimensia yenyewe, utafiti wa Hai wa mwaka 2009 na 2010 uliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji 6. Kiwango kilichosawazishwa kwa umri kilikuwa asilimia 6.4. Hiki si kiwango kidogo. Kinavunja dhana iliyozoeleka kwamba dimensia ni ugonjwa wa Wazungu, na kinaonya pia dhidi ya kuamini kwamba maisha ya shamba peke yake yanatosha kuwa kinga. Katika wilaya hiyo hiyo karibu wazee 7 kati ya 10 wa umri huo walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wanalijua. Mzee anaweza kulima kutwa, mwembamba kama fito, na bado damu ikawa inasukuma kuta za mishipa ya ubongo wake kupita kiasi.

Kwa kulinganisha, Watsimane wa msitu wa Bolivia, wanaowinda, kuvua na kulima kwa mkono, walikutwa na dimensia ya takriban asilimia 1 tu kwa wenye miaka 60 na zaidi (utafiti wa 2022). Mishipa yao ya moyo ni kati ya misafi zaidi iliyowahi kupimwa. Ndani ya Tanzania wenzao wa karibu ni Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao hufanya kazi ya wastani hadi nzito kwa zaidi ya saa 2 kila siku, wazee wakiwemo. Mtafiti Herman Pontzer alionyesha mwaka 2012 kwamba jumla ya nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haizidi ya Mmarekani wa mjini. Faida ya kujishughulisha, basi, haipimwi kwa mizani ya kupunguza uzito tu.

Kibanja, rweya na mlima

Kagera ina watu karibu milioni 3 kwa sensa ya 2022. Makazi ya Wahaya kwa desturi yamekaa juu ya migongo ya vilima, nyumba ikizungukwa na kibanja cha migomba na mibuni, na chemchemi ya maji iko bondeni. Mpangilio huo umewapa wazee kazi isiyohitaji uwanja wa mazoezi. Kibanja hudai mkono kila siku: kukata majani makavu, kuondoa machipukizi yaliyozidi, kuegemeza mgomba uliobeba mkungu mzito, kuchuma kahawa. Nyasi za kutandaza chini ya migomba hukatwa kwenye rweya, mbuga ya wazi nje ya kijiji, zikafungwa mzigo na kubebwa kichwani hadi nyumbani. Ukimtazama bibi anayeshuka bondeni na ndoo tupu kisha akapanda nayo ikiwa imejaa, akichagua pa kukanyaga kwenye utelezi wa masika, unaona kwa pamoja mapafu, misuli ya mapaja, mizani ya mwili na umakini vikifanya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Bibi huyo huyatimiza yote kabla ya Jumatano.

Kazi hiyo haipaswi kupambwa. Mgongo na magoti huumia, na mzee anayebeba maji kwa kukosa wa kumbebea yuko mbali na mtu aliyechagua kutembea. Mnyauko wa migomba ulioingia Muleba mwaka 2006 uliacha vibanja vingi vikiwa na nafasi tupu, na chakula kikapungua kwa watu ambao kazi yao haikupungua.

Mjini Bukoba hali ni nyingine. Bodaboda hupandisha watu milima iliyokuwa ikipandwa kwa miguu, bomba limefika mitaani, na mstaafu wa Nshambya au Hamugembe aliyeuza sehemu ya kibanja hubaki na kiti barazani. Kwake yeye ushauri wa kutembea kila jioni una uzito ambao kwa mkulima wa Rubya, wilayani Muleba, hauna.

Chakula

Ndizi za kupika kwa maharage, dagaa au samaki wa Ziwa Victoria ni mlo wa kila siku. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Radboud, Uholanzi, walichapisha jaribio la vijana 77 wa Kilimanjaro: waliobadilishiwa mlo wa asili wa kijijini wakala wa kizungu kwa wiki 2 tu walionyesha dalili za uvimbe ndani ya damu, na waliofanya kinyume walipata nafuu. Mlo wa asili uliotumika ulikuwa wa mboga, jamii ya kunde, nafaka na ndizi, si mbali na chungu cha Mhaya. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi ya Kilimanjaro, kwa wiki moja na likapata nafuu pia. Rubisi ya Kagera hutengenezwa kwa ndizi na mtama, lakini pombe iliyopindukia yenyewe imo kwenye orodha ya Lancet.

Hata hivyo, kando ya chungu hicho cha asili, soda na chapati za asubuhi zimeenea.

Virusi vya UKIMWI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mkoa ulipoteza kizazi cha wazazi. Mabibi na mababu wakabaki na wajukuu, na hilo limewafanya wengi waendelee na kazi nzito katika umri ambao wangepumzika. Shirika la Kwa Wazee, lililoanza Nshamba mwaka 2003 kwa juhudi za Mswisi Kurt Madörin, huwapa wazee wa Muleba pensheni ndogo ya fedha taslimu na kuwakusanya katika vikundi vya kusaidiana. Kwa mtazamo wa ubongo mchango wake ni mkubwa kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa upweke na huzuni ni vihatarishi vya dimensia kama ilivyo sukari.

Sasa wanaoishi na virusi kwa dawa wanaingia uzeeni. Virusi vyenyewe hugusa ubongo, na katika uchambuzi wa Hai na Dar es Salaam maambukizi yalijitokeza kuwa kihatarishi kikubwa cha kiharusi. Dolutegravir, dawa iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, hudhibiti virusi vizuri sana lakini huongeza uzito kwa baadhi ya watumiaji. Kliniki ya dawa za kufubaza virusi ni mahali panapofaa kabisa pa kupima shinikizo na sukari, maana mgonjwa tayari anakuja.

Upimaji

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya humwomba mtu asome, aandike na achore. Mzee asiyewahi kushika kalamu huvifeli akiwa na akili timamu. Kwa sababu hiyo timu ya Hai ilitunga kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mhudumu huuliza daraja ni nini, siku ya leo ni ipi na kiongozi wa eneo ni nani. Humpa mzee dakika 1 ataje wanyama wengi awezavyo. Humsomea maneno 10 na kumwomba ayakumbuke baadaye. Kisha humpangia njiti 4 za kiberiti kwa umbo fulani, naye alipange upya umbo hilo hilo. Hakihitaji umeme wala daktari bingwa, na mhudumu wa zahanati aliyefundishwa anaweza kukitumia.

Hali ya sasa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wakazi wa Muleba hutibiwa Rubya, Kagondo na Ndolage, zote zikiwa hospitali zenye asili ya makanisa, na wa Bukoba huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Dawa za shinikizo na za sukari ni za kila siku, maisha yote. Mzee anayekosa nauli mwezi mmoja hukatiza tiba, na kiharusi kinaweza kuanzia hapo. Kifaa cha kupimia shinikizo katika zahanati ya kijiji, chenye betri nzima na mtu wa kukitumia siku ya soko, kingewafikia wengi wa wazee hao kabla kiharusi hakijawafikia.