Kabla ya Kitufe cha Joto: Historia ya Hita za Magari ya Kizamani, na Kwa Nini Kuzifufua Si Mchezo

Ukikutana na picha ya gari la Kimarekani la miaka ya 1930, macho yako yataenda kwenye taa, rimu na kromu. Safari ijayo chungulia chini ya dashibodi, upande wa abiria. Mara nyingi utaona boksi la chuma lenye umbo la duara, na mbele yake vimilango viwili vitatu vya kufungua na kufunga. Wengi hudhani ni spika ya redio. Hapana wadau, hiyo ni hita. Na mara nyingi haikuja na gari. Mwenye gari aliinunua pembeni, akaenda kufungiwa na fundi.

Ilikuwaje mpaka joto likauzwa kama spea? Magari ya mwanzo yalikuwa wazi, upepo unapita kama kwenye bodaboda. Sasa fikiria hali hiyo kwenye baridi ya Chicago au Detroit, barafu imetanda barabarani. Watu walijifunika mablanketi mazito, wakaweka matofali ya moto au vijiboksi vya makaa chini ya miguu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 magari mengi mapya kule yalikuwa na paa na vioo, na hapo ndipo ikawa na maana kupasha joto ndani.

Kuna stori inazunguka sana mitandaoni kwamba hita ya gari ilibuniwa na mwanamke mmoja wa Chicago mwaka 1893. Hati yake ya ubunifu ipo kweli, tena ni ya Novemba mwaka huo. Ila neno la Kiingereza alilotumia, ambalo leo tunalielewa kama gari, wakati ule Wamarekani walilitumia zaidi kwa behewa la treni, na hita yake ilikuwa ya mabehewa. Heshima yake iko palepale, ni sisi tuliohamisha stori kutoka relini kwenda barabarani.

Kwenye magari yenyewe, mafundi walianza na njia rahisi: ekzosi. Bomba la moshi linachemka, basi unalizungushia koti la bati, hewa inapita katikati, inapata moto, inaingia ndani kupitia tundu la sakafuni. Bei poa, lakini bomba likitoboka, unavuta moshi wa injini.

Ikafuata hita ya maji, na hii ndiyo babu wa hita zote unazozijua. Maji ya moto ya injini yanapitishwa kwenye rejeta ndogo, feni ya umeme inapuliza. Salama zaidi, ila lazima usubiri injini ipate moto, na asubuhi ya barafu huko kusubiri si kwa kitoto.

Hapo ikaingia South Wind ya kampuni ya Stewart-Warner ya Chicago, watu waliokuwa maarufu kwa spidomita. Hii ilichoma petroli yenyewe! Ilifyonza petroli kidogo kutoka kwenye kabureta, ikaiwasha kwa plagi ndani ya chumba kilichofungwa, na moshi wake ukavutwa kurudi kwenye injini. Matangazo yaliahidi joto ndani ya sekunde 90. Ndiyo, watu waliendesha na kijiko cha moto karibu na magoti yao, na waliipenda.

Mwaka 1938 kampuni ya Nash ikaleta mfumo wake, uliokuja kuitwa Weather Eye, unaovuta hewa ya nje, kuipasha na kuisambaza ndani. Polepole hita ikaanza kutoka kiwandani. Kisha mwaka 1968 kanuni za Marekani zikataka magari mapya ya abiria yawe na kifaa cha kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele. Zama za kununua joto dukani zikaisha hivyo.

Sasa tuje kwa wanaozifufua leo. Kupaka rangi na kung'arisha kromu ni kazi ya wikiendi moja. Shughuli iko ndani. Kwenye hita ya maji, ile rejeta ndogo inazibwa, inatiwa hewa kidogo na kuzamishwa majini ili kuona viputo. Kidogo kweli, maana mifumo mingi ya zamani haikuwa na presha kama ya sasa, ukizidisha unafumua viungo. Mota nayo ni ya volti 6. Ukiiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, itazunguka kwa fujo halafu iungue. Nyaya zake zilivishwa mpira na kitambaa, na vyote vimeshazeeka. Gasketi za enzi zile zinaweza kuwa na asbestosi, kwa hiyo hazikwanguliwi hovyo.

Hita ya petroli ndiyo mtihani wenyewe. Chumba chake cha moto kikiliwa na kutu, kaboni monoksaidi inaweza kuingia ndani ya gari. Haina harufu, haina rangi. Unasikia usingizi tu, na hapo ndipo mwisho wa safari. Ndiyo maana warekebishaji wengine huirudisha mahali pake ikiwa imeng'aa, bomba la petroli limezibwa, haitawaka tena. Wengine wanasema hita isiyotoa joto ni pambo tu.

Binafsi niko na kundi la kwanza. Kutunza historia ni pamoja na kutunza ukweli kwamba watu waliokaa karibu na moto ule walibahatisha. Boksi likiwa kimya chini ya dashibodi bado linasimulia yote: baridi, ubunifu na hatari. Hita ya maji yenye rejeta nzima? Hiyo washa, ule raha.

Gari lingekuwa lako, South Wind iko mbele ya magoti yako na nje ni barafu tupu, ungeiwasha?