Gari limegoma kuwaka? Tuanze na Mama Bertha

Kila gari likigoma mnanipigia simu hadi huku Mannheim. Haya, leo nawapa historia ya mji huu huu.

Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Karl Benz, aliondoka hapa na wanawe wawili kwenda kwa mama yake Pforzheim, kilomita mia na ushee. Mume hakuambiwa! Gari halikuwa hata na tangi. Mafuta, kama lita 4.5, yalikaa ndani ya kabureta. Yakapungua, akanunua mengine duka la dawa pale Wiesloch. Mara bomba likaziba. Mama akachomoa pini ya kofia yake, akazibua, safari ikaendelea.

Enzi za kabureta ilikuwa hivyo: unafungua bomba, petroli unaiona kwa macho. Mwaka 1967 Bosch wakaleta D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600. Kisanduku cha umeme kikapima mafuta, pampu nayo ikawa ya umeme. Pini basi tena, sasa ni sikio.

Washa swichi bila kupiga stata, sikiliza kwenye tangi. Magari mengi pampu hunguruma sekunde kama mbili. (Toyota nyingi haiamki mpaka injini izungushwe, kwa hiyo mwenzio apige stata wewe usikilize.) Kimya? Fyuzi na rilei kwanza, kabla fundi hajakuuzia pampu! Inanguruma? Pima presha, ikiwa ndogo, shuku filta au pampu iliyochoka.

Mambo ya plagi siku nyingine. Msalimieni bibi.