Bomba Lililoota Waya: Ufundi wa Ekzosi Arua na Mvara

Katika gari, ekzosi ni chuma kinachokufa mapema, na kutu yake huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huacha maji yanayokaribia lita moja. Safari ikiwa ndefu na bomba likapata moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Lakini gari linalotoka Mvara hadi soko la Arua, likazimwa, likawashwa tena baada ya saa moja, bomba lake halipati nafasi ya kukauka. Maji hutuama tumboni mwa sailensa pamoja na asidi ya moshi, bati likaliwa polepole, na mwenye gari hupata habari siku mngurumo unapoanza. Kwa nje, changarawe nyekundu ya West Nile, eneo la Uganda lenye mji wa Arua, na mashimo ya barabara humalizia kazi. Ndiyo maana kukata na kuunga bomba ni ufundi wenye umri sawa na magari yenyewe katika eneo hili. Kwa muda mrefu ulikuwa ufundi wa chuma tupu: msumeno, moto na jicho. Siku hizi bomba limeota waya, na fundi aliyejua kuchomelea peke yake anakuta nusu ya kazi imehamia kwenye umeme.

Ufundi huo ulizaliwa na umbali. West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilopewa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitawale maisha yake yote. Alifariki Desemba 1909, Lado ikarudi Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda mwaka 1914. A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, aliweka makao Arua. Mwaka 1918 wamisionari wa Africa Inland Mission walifika, na Mvara, pembeni ya mji, pakawa kituo chao. Leo pana kanisa kuu la Emmanuel la Kianglikana. Bidhaa za mji huo mpya zilipakiwa merikebuni Butiaba, kwenye Ziwa Albert, zikateremka na Mto Nile hadi Rhino Camp, ndipo zikapandishwa Arua kwa nchi kavu. Sailensa ilikuwa tayari kifaa cha kawaida duniani, kwa kuwa ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza yake mwaka 1897. Ila kifaa cha kawaida cha Marekani kikishapita bandari mbili, reli na merikebu hakiwi tena cha kawaida. Kilichotoboka kilizibwa, na kilichokatika kiliungwa.

Reli ilifika Pakwach mwaka 1964 na kupunguza safari, lakini nafuu haikudumu. Mwaka 1972 Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba alikuwa wa Wakakwa wa Koboko, aliwafukuza Waasia, na maduka mengi ya vipuri nchini Uganda yalikuwa mikononi mwao. Rafu zikabaki tupu, magendo yakashika biashara. Serikali ya Amin ilipoanguka Aprili 1979, kisha vita vikaingia West Nile yenyewe mwaka 1980, wakazi walivuka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Mji wa Arua ulibaki karibu mtupu. Wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980 na baada yake, wakakuta mji unaoanza upya.

Uhaba wa aina hiyo ndio uliofundisha mafundi wa Uganda nzima, kuanzia Katwe ya Kampala hadi mipakani, kwamba sailensa ni pipa dogo lenye vyumba, na pipa linaweza kutengenezwa. Bati la pipa la mafuta hukatwa, likakunjwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli au mhimili wa lori, likafungwa kwa vifuniko viwili vya duara. Ndani huwekwa mirija yenye matundu na kuta za kugawa vyumba, ili mawimbi ya sauti yagongane na kufifishana kabla ya kutoka. Bomba lenyewe lilitokana na chochote chenye kipenyo kinachofaa, hata bomba la maji lililopakwa zinki. Hili la mwisho lina gharama yake: zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na baridi usiku uleule. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hunywa maziwa kama kinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi wa zinki. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kabla ya kuchoma na kufanya kazi penye upepo.

Moto wenyewe ulikuwa tatizo. Kuchomelea kwa umeme kunataka umeme, na kwa miongo mingi Arua ilitegemea jenereta za dizeli zilizofanya kazi kwa saa chache. Fundi wa mji wa namna hiyo hukimbilia kabidi: mawe ya kijivu yanayowekwa ndani ya tangi la chuma na kudondoshewa maji, yakatoa gesi ya asetilini, inayounganishwa na mtungi wa oksijeni uliosafirishwa kutoka Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500. Tangi hilo ni jiko na bomu kwa wakati mmoja. Mwali ukirudi nyuma kupitia mpira, pasipo kifaa cha kuuzuia, tangi hupasuka. Hata hivyo moto wa gesi ulilifaa bati jembamba la ekzosi kuliko moto wa umeme, ambao mikononi mwa asiyezoea hutoboa pale ulipotakiwa kuziba, na kwa hiyo gesi haikutoweka hata umeme ulipopatikana. Kampuni ya WENRECO ilianza kusambaza umeme wa jenereta kubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, bwawa la Nyagak lenye megawati 3.5 likaongeza nguvu mwaka 2012, na gridi ya taifa ikaifikia West Nile mwaka 2024.

Jambo la pili lililoathiri mabomba ya Arua ni mafuta. Tangu miaka ya 1980 vijana waliorudi kutoka uhamishoni waliuza petroli kando ya barabara kwa madumu, wakajulikana kama OPEC Boys, na mtafiti wa Kibelgiji Kristof Titeca ameandika habari zao kwa kirefu. Mafuta yalipita Uganda kwenda Kongo, Zaire ya zamani, bila kodi, kisha yakarejeshwa kimagendo kuvuka mpaka ulio karibu na mji, na tofauti ya kodi ndiyo iliyokuwa faida. Petroli ya dumu haina mlinzi wa ubora. Ikichanganywa na mafuta ya taa huacha masizi. Lakini hata petroli halali ya kituoni wakati huo ilikuwa na sumu yake: madini ya risasi, yaliyotiwa ili injini isigonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuyaondoa, na mwanzoni mwa 2006 yalikuwa yameondoka.

Kati ya tarehe hizo na kufunguliwa kwa soko la magari yaliyotumika kutoka Japani katika miaka ya 1990 pana pengo la muongo mzima, na humo ndimo tabia moja ya mafundi ilimoota. Magari ya Toyota Corona na Carina yaliyoshushwa Mombasa yalikuja na kopo la kusafishia moshi, ambalo ndani lina vitundu kama sega la nyuki vilivyopakwa platini na madini ndugu zake. Risasi hufunika madini hayo, sega likafa. Masizi huliziba, injini ikakosa pumzi. Fundi alilipasua kopo, akatoa sega, akachomelea bomba tupu. Wakati ule haukuwa ujinga. Kasoro ni kwamba risasi iliondoka mwaka 2006 na tabia ikabaki. Hata leo sega zima hung'olewa kwa ahadi kwamba gari litakunywa kidogo. Pia limepata soko lake: bei ya rodiamu, mojawapo ya madini yake, ilipanda kupita kiasi mwaka 2021, na wanunuzi wa masega wakaenea barani. Mwenye gari anayeacha kopo la zamani gereji bila kuuliza bei ameacha fedha.

Pamoja na sega ilikuja sensa ya oksijeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitengeneza, na Volvo ikaiweka kwenye magari ya soko la Marekani mwaka 1976. Ni kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia: upande mmoja hugusa moshi, wa pili hugusa hewa safi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme mdogo, karibu volti 0.9 mafuta yakizidi na 0.1 hewa ikizidi, na kompyuta ya gari huongeza au kupunguza petroli kwa kufuata kipimo hicho. Kikombe hakifanyi kazi kabla ya kufikia nyuzi 300 hivi, kwa hiyo miaka ya 1980 kiliongezewa hita ndani, na waya zikatoka moja hadi nne. Marekani ilipolazimisha mfumo wa kujichunguza kuanzia magari ya 1996, sensa ya pili ikawekwa nyuma ya sega ili kulisimamia lenyewe. Hapo mchezo wa kung'oa sega ulipata shahidi: taa ya injini huwaka, na mafundi duniani kote wakabuni kirefusho cha chuma kinachoinua sensa ya nyuma kutoka kwenye mkondo wa moshi ili isione vizuri. Ni ujanja, si matengenezo.

Kwa mchomeleaji wa Arua badiliko kubwa zaidi halikuwa taa. Zamani bomba lililounganishwa vibaya lilipiga kelele tu. Sasa kitundu kidogo kwenye kiungo kilicho mbele ya sensa huvuta hewa ya nje kila mapigo ya moshi yanapopwa. Sensa husoma oksijeni nyingi, kompyuta hudhani petroli imepungua, ikaongeza. Gari halipigi kelele, ila dumu linaisha upesi. Mwenye gari humlaumu muuza mafuta.

Kazi inayowashinda wengi ni kufunga bomba lisilo la kiwandani, liwe manifodi ya mirija mirefu au bomba lililonyooshwa, ambapo kiti cha sensa kinasogea nyuma na waya wa kiwandani haufiki. Kiti ni nati nene yenye uzi wa milimita 18 kwa 1.5, nacho huchomelewa sensa ikiwa imetolewa na betri imefunguliwa, kwa kuwa mkondo wa mashine ya kuchomelea unaweza kuiua kompyuta. Hukaa upande wa juu wa bomba, nyuzi zisizopungua 10 juu ya usawa, maana maji yaleyale yanayoozesha sailensa yakituama juu ya kauri ya moto huipasua.

Baada ya hapo huja waya. Sensa ya Denso iliyo kwenye Toyota nyingi ina nyeusi mbili za hita, buluu ya kipimo na nyeupe ya kurudisha. Ya Bosch ina nyeupe mbili za hita, nyeusi ya kipimo na kijivu ya kurudisha, na anayefuata rangi za moja kwa mazoea ya nyingine huipoteza sensa. Mazoea ya kusokota waya na kuzungushia tepu hayafai hapa. Hita huvuta takriban ampea moja na huvumilia kiungo kibovu kwa muda, lakini kipimo kisichofika volti moja hupotea kwenye kutu ya kiungo kilicholowa. Kulehemu nako kuna mtego usioonekana: katika sensa nyingi hewa safi inayohitajika ndani ya kikombe hupenya katikati ya nyuzi za waya wenyewe, na risasi ya kulehemu ikiyeyuka huziba njia hiyo. Sensa hukosa pumzi na kutoa kipimo cha uongo, ingawa kiungo kinapendeza macho. Kwa hiyo waya za sensa haziguswi. Hurefushwa upande wa gari, au hutengenezwa kipande chenye soketi kichwani na plagi mkiani, vikatwe kutoka gari bovu la aina ileile; viungo hubanwa kwa koleo, hupishana visikae mahali pamoja, huvikwa mrija unaojibana kwa joto, na waya hufungwa mbali na bomba na shafti. Ohomita huhakikisha kazi: hita ya Denso ikiwa ya baridi husoma ohomu 11 hadi 16 hivi, na ikisomwa kutoka mwisho wa kirefusho isiongezeke kwa kiasi cha kuonekana.

Sheria imeongeza uzito wa jambo hili bila kulitaja. Mwaka 2018 Uganda ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, na kila mwaka unaosogea huleta Arua magari yenye sensa nyingi kuliko yaliyotangulia. Kanuni za kelele nazo zilitungwa mwaka 2003, ingawa bomba tupu bado husikika usiku.

Njia ya Koboko inasimulia mengine. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010, na malori yaendayo Yei na Juba yakaongeza kasi ambayo changarawe haikuruhusu. Kisha mapigano ya Sudan Kusini ya Julai 2016 yalileta wakimbizi kwenye makazi ya Bidi Bidi, Rhino Camp na kwingineko, na pamoja nao msururu wa Land Cruiser nyeupe za mashirika. Nyingi zinaendeshwa na injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ambayo bomba lake ni chuma kitupu kama la magari ya miaka ya 1930: fundi wa zamani hulikata, hulinyoosha na kulichomelea bila kuhofia sensa. Land Cruiser hiyo ikiegeshwa karibu na Toyota Premio ya petroli yenye sensa mbili, gari la gharama kubwa ndilo lenye ekzosi rahisi zaidi. Halina waya hata mmoja kwenye bomba lake.