Dawa Mahali pa Maji: Historia ya Usugu wa Bakteria na Ushahidi wa Kome katika Mwambao wa Ziwa Mweru, Nchelenge

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya bakteria sugu dhidi ya viuavijasumu katika mwambao wa Ziwa Mweru, hususan wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, kwa kuiweka ndani ya historia pana ya magonjwa ya maji katika Afrika Mashariki na Kati. Hoja yake kuu ni kwamba usugu huo haukutokana na uzembe wa wagonjwa peke yao. Ulistawi pale ambapo dawa iliwekwa mahali pa maji safi. Kwa kuwa kumbukumbu za usugu zimetegemea mno wagonjwa waliofika hospitalini, makala inapendekeza kome wa maji baridi, kiumbe anayekaa mahali pamoja na kuchuja maji, atumiwe kuwa shahidi wa hali ya ziwa lenyewe.

1. Utangulizi

Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kutoka kusini baada ya kupita katika vinamasi vipana, Mto Kalungwishi huingia kutoka mashariki, na maji hutoka kaskazini kupitia Mto Luvua karibu na Pweto. Nchelenge na Kashikishi ziko kwenye ufuko wa upande wa Zambia. Samaki wa hapo, hasa chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hilo, hukaushwa juani na kupelekwa katika miji ya Copperbelt na Katanga. Kwa wakazi wengi wa kambi za uvuvi, ziwa ni mahali pa kazi, njia ya usafiri, mahali pa kufulia na, mara nyingi, chanzo cha maji ya kunywa.

Wanahistoria wamelisoma eneo hili zaidi kupitia watawala na samaki. Ian Cunnison, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alieleza jamii za bonde la Luapula na dola ya Mwata Kazembe. David Gordon, mwaka 2006, alionyesha jinsi umiliki wa ardhi na maji ulivyofungamana na masimulizi ya ukoo na biashara ya samaki. Kome nao waliingia mapema katika maandishi ya kisayansi: mwaka 1893 Edgar Albert Smith wa Makumbusho ya Uingereza alichapisha maelezo ya makombe yaliyopelekwa London na Harry Johnston, yakiwamo ya Mweru. Lakini makombe hayo yalihesabiwa kuwa vielelezo vya spishi tu. Swali linaloulizwa hapa ni tofauti: kiumbe aliyekuwa ndani ya kombe anaweza kutuambia nini juu ya historia ya afya ya watu waishio kando yake?

2. Njia za biashara, njia za vimelea

David Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wamekwisha kuifahamu njia hiyo, na mmoja wao, Muhammad bin Saleh, alikuwa amekaa kwa Kazembe kwa miaka mingi. Njia zilizopitisha pembe, shaba, nguo na watumwa zilipitisha maradhi pia. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja, aliandika mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, akifuatilia mwendo wa ugonjwa kati ya pwani na bara kwa kufuata misafara. Funzo lake lingali hai: kipindupindu hufuata watu, na watu hufuata riziki.

Wimbi la saba la kipindupindu duniani liliingia Afrika mwaka 1970 kupitia magharibi ya bara. Tanzania ililipata katika miaka ya 1970, na Zambia ikaandikisha mlipuko wake wa kwanza mwaka 1977/78. Uchambuzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2017 na François-Xavier Weill na wenzake, kwa kutumia sampuli kutoka nchi 45 za Afrika, ulionyesha kuwa kimelea cha wimbi hilo kiliingizwa barani angalau mara 11, na kwamba nasaba zilizokuja baadaye kutoka Asia zilikuwa sugu kwa dawa nyingi. Kwa hiyo usugu unaopatikana leo katika maziwa ya bara hauwezi kuelezwa kwa tabia za wenyeji peke yake. Sehemu yake ilikuja ikiwa imekwisha kuundwa, kama ilivyokuja bidhaa nyingine.

3. Funzo la Tanzania, 1977

Sehemu nyingine iliundwa papa hapa. Kipindupindu kilipozuka Tanzania mwishoni mwa mwaka 1977, tetrasaiklini ilitumiwa kwa wingi, si kwa wagonjwa tu bali pia kama kinga kwa watu wasiougua. Nia ilikuwa njema: dawa ilikuwepo, nayo ilikuwa nafuu na rahisi kugawa, mabomba na vyoo vingechukua miaka. Mwaka 1979 Fred Mhalu na wenzake walitoa taarifa katika jarida la Lancet kwamba mwanzoni vimelea vilikuwa vikidhurika kwa dawa hiyo, ila baada ya miezi mitano ya matumizi hayo, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu.

Tukio hilo ndilo kiini cha historia hii. Tiba kuu ya kipindupindu ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Kiuavijasumu husaidia tu kufupisha ugonjwa. Kinga kuu ni maji salama. Dawa ilipochukua nafasi ya maji, haikuzuia ugonjwa kwa muda mrefu, na yenyewe ikapotea kwa wale walioihitaji kweli.

4. Zambia na jirani zake, 1990–2004

Zambia ilikumbwa na mlipuko mkubwa kuanzia mwaka 1990 hadi 1993. Vimelea vya miaka ya mwanzo ya kipindi hicho, kama walivyoeleza James Mwansa na wenzake mwaka 2007, vilikuwa na usugu mkubwa dhidi ya tetrasaiklini na kotrimoksazoli. Katika miaka hiyo hiyo, ugonjwa wa kuhara damu wa Shigella dysenteriae aina ya 1, ulioanza kaskazini-mashariki mwa Zaire mwaka 1979, ulikuwa umesambaa katika nchi za Afrika ya Kati, nao ukizishinda dawa za kawaida moja baada ya nyingine. Mwezi Julai 1994, Goma, wakimbizi kutoka Rwanda wapatao 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Vimelea vya kipindupindu na vya kuhara damu vilivyopatikana huko vilikuwa sugu kwa dawa zilizotegemewa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba kila ugawaji mpana wa dawa ulikuwa upotovu. Jaribio la tiba lililofanywa Lusaka kwa watoto wenye virusi vya UKIMWI, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2004, lilionyesha kuwa kotrimoksazoli ya kila siku ilipunguza vifo kwa asilimia 43, hata mahali ambapo usugu dhidi yake ulikuwa mkubwa. Dawa ile ile iliyolemewa na kuhara iliokoa maisha kliniki. Ndiyo maana sera ya kubana matumizi ya dawa bila kuleta maji ni sera inayomtoza mgonjwa deni asilolikopa.

5. Maji, madini na jeni

Bakteria hubadilishana jeni za usugu kwa njia ya plasmidi, yaani vipande vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti. Kinyesi cha binadamu na mifugo, mabaki ya dawa na bakteria wa asili wa ziwa hukutana katika maji ya kina kifupi ya ufukoni, na hapo makutano hayo huwa rahisi. Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria, Nyambura Moremi na wenzake waliripoti mwaka 2016 kuwepo kwa bakteria wenye vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja dawa za kundi la sefalosporini, katika mazingira ya ufukoni na matumboni mwa samaki. Ziwa limekwisha kuwa sehemu ya mnyororo wa usugu.

Mweru lina jambo la ziada. Mto Kafubu, unaopita Lubumbashi, humwaga maji yake katika Luapula, na migodi ya ukanda wa shaba iko katika bonde hilo. Shaba na metali nyingine zinaweza kudumisha usugu hata pasipo dawa, kwa sababu jeni za kustahimili metali na za kustahimili viuavijasumu mara nyingine hukaa katika plasmidi moja. Anayechunguza usugu Nchelenge hana budi kutazama juu ya mto, na kuvuka mpaka.

Wala watu hawajatulia. Kuanzia mwaka 2017, maelfu waliokimbia mapigano Kongo walipokelewa katika kituo cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 katika makazi ya Mantapala, yote wilayani Nchelenge. Mzigo wa maji na vyoo uliongezeka mahali ambapo haukuwa mwepesi tangu awali.

6. Kome kama shahidi

Sampuli ya maji husimulia saa ile ilipochotwa. Kesho upepo ukigeuka, habari nayo hugeuka. Kome hukaa mahali pamoja, huchuja maji mengi kila siku, na hukusanya mwilini bakteria na metali zilizopita. Sifa hiyo ilidhihirika kupitia maafa: mwaka 1924–25 chaza waliochafuliwa walisababisha homa ya matumbo katika miji ya Marekani, watu zaidi ya 1,500 wakaugua na takriban 150 wakafa, na usimamizi wa maji ya chaza ukaanzishwa. Mwaka 1975 Edward Goldberg aliigeuza hatari hiyo kuwa chombo, alipopendekeza kome watumiwe kufuatilia uchafuzi wa pwani duniani kote.

Kome wa maji baridi ana masharti yake. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer alieleza jinsi lava wa kome wa jenasi ya Mutela wanavyohitaji kujishika kwa samaki ili wakue. Hivyo ziwa lililovuliwa kupita kiasi linaweza kupoteza shahidi pamoja na samaki. Aidha, kome ana bakteria wake wa asili, na uchujaji wake hubadilika kwa majira na ukubwa. Kwa hiyo ulinganisho wa haki unahitaji spishi moja, wa umri unaokaribiana, wawekwe katika vizimba kwa muda uliopangwa: mbele ya soko la samaki, mdomoni mwa mto, na mbali na makazi, kiangazi na masika.

7. Hitimisho

Mpango wa Taifa wa Zambia wa kukabili usugu wa dawa, wa mwaka 2017–2027, unazihusisha sekta za afya, mifugo na mazingira, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapima E. coli wenye ESBL kwa binadamu, katika mnyororo wa chakula na katika mazingira. Mlango umo wazi. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila ugawaji wa viuavijasumu wakati wa mlipuko uambatane na ahadi ya maji na vyoo yenye bajeti na tarehe. Pili, vizimba vya kome viwekwe pande zote mbili za ziwa, na matokeo yake yasomwe kwa pamoja na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii ya Zambia, Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tatu, wavuvi wenyewe wawe watunzaji wa vizimba hivyo na wawe wa kwanza kuelezwa yaliyopatikana.

Historia ya Mweru inaonyesha kuwa lawama zimekuwa zikishuka ufukoni haraka kuliko mabomba. Ushahidi wa kome hauwezi kuchimba kisima, lakini unaweza kumwonyesha anayepanga bajeti kisima kichimbwe wapi kwanza.