Bima ya maisha bila kupimwa afya: Njia zilizopo na masharti yake

KATIKA vijiji vya Masama, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, kifo cha mwenye nyumba huacha maswali mawili: nani atagharimia mazishi, na deni la marehemu litalipwa na nini.

Swali la kwanza hujibiwa na ndugu, majirani, waumini wenzake na chama cha kufa na kuzikana. La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa huweza kufika hadi kwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalorithishwa kizazi hadi kizazi na ambamo wazee wa ukoo wamezikwa.

Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila na, kwa kufuata taratibu, kuiweka dhamana ya mkopo. Akifariki kabla ya kumaliza deni, haki ya mkopeshaji juu ya dhamana hiyo haifi pamoja naye.

Bima ya maisha ni mojawapo ya njia za kuinusuru familia. Hata hivyo, wengi huikwepa wakidhani kuwa ni lazima kwanza wapimwe damu, mkojo na moyo, na kwamba mwenye kisukari au shinikizo la damu hana nafasi kabisa. Ipo mikataba kadhaa isiyodai uchunguzi wa daktari, lakini kila mmoja una bei yake na masharti yake.

Si bima ya afya

Aina hizi mbili za bima huchanganywa mara nyingi. Bima ya afya, ambayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kumfikia kila mwananchi, hulipia matibabu ya mgonjwa, awe amelazwa KCMC mjini Moshi au ametibiwa kama mgonjwa wa nje.

Bima ya maisha hulipa fedha taslimu mwenye bima anapofariki au, katika baadhi ya mikataba, anapopata ulemavu wa kudumu. Fedha hizo hulipwa kwa wanufaika walioandikwa, au kwa mkopeshaji iwapo bima ilikatwa kwa ajili ya mkopo.

Kwa nini daktari huachwa

Kampuni ya bima humpima mwombaji ili ijue uwezekano wa kumlipia mapema. Kampuni ya Equitable ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilikuwa ya kwanza kupanga ada kwa kufuata umri wa mteja. Katika karne ya 19 uchunguzi wa daktari ukawa jambo la kawaida kwa bima kubwa.

Kwa bima ndogo, gharama ya daktari ilizidi faida. Mwaka 1854 kampuni ya Prudential ya Uingereza ilianza kuwauzia wafanyakazi wa kipato cha chini bima za kiasi kidogo, wakala akipita nyumba kwa nyumba kukusanya peni chache kila wiki. Wateja hao hawakupelekwa kwa daktari.

Hatua nyingine ilifuata Marekani mwaka 1911, wakati kampuni ya Equitable ya New York ilipowakatia bima wafanyakazi wote wa kiwanda kimoja kwa mkataba mmoja, bila kumpima hata mmoja wao. Hoja yake ilikuwa kwamba watu waliokusanywa na kazi, wala si na hofu ya kufa, watakuwa na mchanganyiko wa wazima na wagonjwa unaoweza kukadiriwa.

Hesabu hiyo inaeleweka kwa mfano mdogo wa kubuni. Chama chenye wanachama 200, kila mmoja akitoa Sh10,000 kwa mwaka, hukusanya Sh2,000,000. Ikiwa malipo ya kila kifo ni Sh500,000 na wanafariki wanachama wawili, Sh1,000,000 hutoka na iliyobaki hugharimia uendeshaji na akiba. Lakini wakijiunga wagonjwa peke yao na wakafariki watano, mfuko umekwisha na deni limebaki.

Ndiyo maana kampuni isiyompima mteja hujilinda kwa namna nyingine: kiasi kidogo cha bima, ada ya juu kidogo, kikomo cha umri au kipindi cha kusubiri.

Soko la Tanzania

Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963 na kuwa mali ya umma kikamilifu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Kwa miaka mingi lilikuwa peke yake katika soko, hadi sheria ya bima ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi.

Hivi sasa biashara hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009. Pamoja na NIC, bima za maisha huuzwa na kampuni kama Jubilee Life na Alliance Life, kupitia mawakala, madalali wa bima na benki.

Njia zilizopo

Ya kwanza, na ambayo wengi wanayo bila kujua, ni bima ya mkopo. Mkopaji wa benki au chama cha akiba na mikopo (SACCOS) hukatwa ada mara moja anapopewa fedha. Akifariki, kampuni ya bima hulipa salio la deni na dhamana huachiwa huru. Kwa mikopo ya kawaida hakuna kipimo; kwa mikopo mikubwa, au kwa mkopaji mwenye umri mkubwa, benki huweza kudai uchunguzi.

Mkopaji anapaswa kuuliza mambo matatu: kama bima inagusa kifo pekee au na ulemavu wa kudumu, kama malimbikizo ya marejesho yaliyochelewa yanalipwa, na kama muda wa bima unalingana na muda wa mkopo. Mkopo ukiongezwa au kurefushwa bila bima kurefushwa, familia hubaki wazi.

Ya pili ni bima ya kundi. Mwajiri huwakatia bima wafanyakazi wake wote, na kila mmoja huingia bila kupimwa hadi kiasi fulani kilichokubaliwa; anayetaka zaidi ya hapo ndiye hupelekwa kwa daktari. Ushirika nao unaweza kufanya hivyo. Katika mkoa ambao wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha KNPA mwaka 1925 na kisha KNCU mwaka 1933, watu waliokwisha kujiunga pamoja si wa kutafutwa mbali.

Udhaifu wa bima ya kundi ni kwamba hufungamana na uanachama. Anayeacha kazi au kujitoa katika chama kwa kawaida huipoteza.

Ya tatu ni bima ya mazishi. Hulipa kiasi kidogo kwa haraka, na mkataba mmoja huweza kumhusisha mume, mke, watoto na hata wazazi wa pande zote mbili. Kwa mtoto wa Masama anayefanya kazi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani, ndiyo njia inayotumika kumwingiza mzazi mzee ambaye asingepokewa peke yake.

Bima hii haichukui nafasi ya chama cha kufa na kuzikana. Chama huleta turubai, sufuria, kuni na watu wa kuchimba kaburi, na hutoa rambirambi siku hiyo hiyo. Lakini ahadi yake hutegemea mifuko ya wanachama. Misiba mitatu ikifuatana katika mwezi mmoja, michango hupungua. Kampuni yenye leseni hutakiwa na sheria kuwa na mtaji na akiba ya kulipia madai.

Ya nne ni bima ndogo ya simu ya mkononi. Baada ya huduma za fedha kwa simu kuenea nchini kuanzia mwaka 2008, kampuni za bima zilianza kushirikiana na mitandao ya simu. Mteja hujisajili kwa namba yake na kukatwa ada ndogo, bila fomu ndefu. Malipo yake pia ni madogo, na salio likikosekana siku ya makato, bima huweza kusimama.

Ya tano ni mkataba binafsi wenye maswali ya afya pekee. Mwombaji hujaza fomu, na majibu yake ndiyo huamua kama atapokewa, ataongezewa ada, au ataombwa akapimwe.

Kutopimwa si kutoulizwa

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Bima husimama juu ya msingi wa uaminifu wa hali ya juu kabisa: mwombaji hupaswa kueleza kila jambo analolijua ambalo lingeweza kubadili uamuzi wa kampuni.

Mtu anayehudhuria kliniki ya shinikizo la damu akaandika kuwa hana maradhi, bima yake huonekana salama mpaka siku ya madai. Hapo kampuni huomba taarifa za hospitali, na kumbukumbu za kliniki hutoa ukweli. Madai hukataliwa, na ada zilizolipwa kwa miaka huenda zisirudi.

Hatari huwa kubwa zaidi wakala anapomjazia mteja fomu na kuweka "hapana" kila mahali ili amalize haraka. Sahihi ni ya mteja, na lawama humwangukia yeye. Ni vyema fomu isomwe swali kwa swali kabla ya kutia sahihi, na nakala yake ibaki nyumbani.

Mikataba michache haiulizi swali lolote. Badala yake huweka kipindi cha kusubiri, mara nyingi cha miezi kadhaa, ambamo kifo kitokanacho na ugonjwa hakilipwi, ila cha ajali hulipwa tangu mwanzo. Kifo cha kujiua nacho kwa kawaida hakilipwi katika mwaka wa kwanza au miwili ya mkataba.

Madai yanavyoandaliwa

Nyaraka kuu ni hati ya bima, kitambulisho cha marehemu, kitambulisho cha mnufaika na cheti cha kifo kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Vifo vingi vijijini hutokea nyumbani, na marehemu huzikwa kihambani bila taarifa kufika kwa msajili. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Familia inapaswa kupata kibali cha mazishi kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa cheti.

Tatizo jingine ni majina. Mtu huweza kuwa na jina la ubatizo katika hati ya bima, jina la nyumbani katika orodha ya chama, na mpangilio mwingine katika kitambulisho cha taifa. Tofauti hizo hurekebishwa kwa urahisi akiwa hai. Baada ya kifo hudai viapo na safari za mahakamani.

Majina ya wanufaika nayo yaangaliwe upya kila inapotokea ndoa, talaka, kuzaliwa mtoto au kifo cha mnufaika. Akiandikwa mtoto mdogo, aandikwe pia mtu mzima atakayepokea kwa niaba yake.

Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mwombaji amtake wakala aonyeshe leseni ya TIRA, na ada ilipwe kwa akaunti ya kampuni, isiwe kwa namba binafsi ya wakala. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kulalamika TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009.

Aidha, mke, mume au mtoto mkubwa aelezwe mapema jina la kampuni, namba ya mkataba na mahali hati ilipohifadhiwa. Kampuni hailipi mpaka idaiwe, na hayupo wa kudai bima ambayo marehemu peke yake ndiye aliyeijua.