Mzizi wa Nyika na Mbegu Iliyokosewa

Katika maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani, jina la ekinasea hubandikwa juu ya chupa, vidonge na pakiti za chai kana kwamba ni la mmea mmoja wenye historia moja. Sivyo. Mmea ulioliletea jina hilo sifa na mmea unaolimwa kwa wingi leo ni ndugu wawili, na aliyerithi sifa si yule aliyeichuma.

Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1794 na Mjerumani Conrad Moench, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kalunguyeye, kwa kuwa katikati ya ua pana kichwa kilichojaa miiba. Wenyeji wa nyika kuu za Marekani walikuwa na majina yao kabla ya hapo. Waomaha waliuita mmea wa kitana, kwani kichwa chake kikikauka kilitumika kuchania nywele. Melvin Gilmore, aliyechapisha mwaka 1919 utafiti wake juu ya mimea ya watu wa bonde la mto Missouri, aliona kwamba huenda hapakuwa na mmea mwingine uliotumika kutibu maradhi mengi kama huu: sumu ya nyoka, maumivu ya jino, majeraha ya moto. Huo ulikuwa *Echinacea angustifolia*, wenye majani membamba na mzizi mrefu unaozama katika ardhi kavu.

Mzizi huo uliingia sokoni kwa mkono wa H. C. F. Meyer, mganga asiye na shahada aliyeishi Pawnee City, Nebraska, na kuuza dawa yake ya kusafisha damu. Katika miaka ya 1880 aliupeleka Cincinnati kwa daktari John King na mfamasia John Uri Lloyd. Alipoona wanasitasita, alijitolea kuumwa mbele yao na yule nyoka wa Marekani atikisaye mkia kama kayamba, kisha ajitibu mwenyewe. Lloyd alikataa tamasha hilo, lakini baadaye kampuni yake na ndugu zake iliifanya dawa hiyo kuwa bidhaa mashuhuri. Mwaka 1909 baraza la dawa la Chama cha Madaktari cha Marekani liliikana kwa kukosa ushahidi. Katika mabishano hayo yote, waliokuwa wakiuchimba mzizi huo tangu zamani hawakuitwa kutoa ushahidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Mjerumani Gerhard Madaus alikwenda Marekani kutafuta mbegu za mmea huo ili aulime kwao. Mbegu alizorudi nazo zilipoota, zikawa za ndugu yake, *Echinacea purpurea*, mwenye majani mapana. Madaus hakuzitupa. Alikamua maji ya mashina, majani na maua yake akatengeneza dawa, na tafiti nyingi za Ujerumani zilizofuata zikajengwa juu ya kosa hilo.

Kwa mkulima, kosa hilo lilikuwa neema. Mbegu ya *purpurea* huota katika wiki chache, mmea huchanua kwa kawaida mwaka wa pili, na mizizi yake mingi myembamba hustahimili baridi kali. Theluji huua majani, kisha machipukizi hurudi masika. Mbegu ya *angustifolia* hulala. Huhitaji wiki nyingi za unyevu na baridi ndipo iamke, na mzizi wake huchukua miaka mitatu au zaidi kufikia kiasi cha kuchimbwa. Tena anayekata maua hubakiwa na mmea. Anayechimba mzizi huuondoa shambani.

Ndiyo maana *purpurea* iliingia mashambani na *angustifolia* ikaendelea kuchimbwa porini. Biashara ilipopamba moto katika miaka ya 1990, nyika ndizo zilizotobolewa mashimo, ingawa sehemu kubwa ya sifa mpya ilitokana na tafiti za ndugu yake.

Majaribio ya kitabibu juu ya mafua yametoa majibu yanayopingana, na sababu mojawapo ni hii: wengine wamepima mzizi, wengine majani, wengine mmea huu, wengine ule. Ujuzi wa wenyeji ulikuwa mahususi: mmea fulani, sehemu fulani, kwa maradhi fulani. Biashara ilichukua jina na kuacha umahususi huo, kisha ikauliza kwa nini dawa haieleweki.